Namba za Mwisho wa Linki

"Baba, leo hupo," sista alisema.

Fundi redio alikuwa ameshavua koti na kulikunja, mkono wa shati ameupandisha hadi juu ya kiwiko, tayari kwa sindano. Akamtazama sista kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama. "Sipo vipi, na huyu hapa nimesimama?"

"Kwenye kompyuta hupo. Kiti cha tano leo kina mtu mwingine."

"Kiti cha tano Ijumaa ni changu. Jumanne changu, Ijumaa changu. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua, baba. Lakini aliyeandikwa ameandikwa, nikimtoa nitaulizwa mimi." Sista akapunguza sauti, na chumba kizima kikanyamaza kumsikiliza. "Mashine zote zimejaa. Nenda nyumbani, uje Jumatatu asubuhi tukubane mahali."

Mshonaji ndiye aliyekuwa kwenye hicho kiti cha tano, blanketi dogo magotini, damu yake ikienda na kurudi kwenye mipira ya mashine. Aliiona aibu ya yule mzee kwa karibu. Aliona alivyouteremsha mkono wa shati polepole, akakosa tundu la kifungo, akakosa tena, akauacha ukining'inia. Mtu mwenye figo mbovu hakosi zamu yake kwa hiari, na wote waliokaa pale walilijua hilo.

"Pole kaka," akamwambia alipopita mbele yake. "Kompyuta hizi nazo, zina visirani."

Fundi redio akaitikia kwa kichwa, akatoka. Mshonaji akavuta blanketi, akageukia dirishani, na haikupita dakika akawa amesinzia.

*

Jumapili mchana mkwe wa mshonaji alirudi nyumbani na uso umemshuka. Alikuwa ameitwa kituoni asubuhi, siku ya mapumziko, kwa simu ya mkurugenzi mwenyewe, akatoka bila hata chai. Yeye ndiye aliyeitengeneza tovuti ya kituo cha figo, ile inayowapangia wagonjwa viti vya kusafishiwa damu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana, na mshonaji hakuchoka kuwasimulia wateja wake habari za mkwe huyu, waliotaka kusikia na wasiotaka.

Mume wa mkwe, mwana wa mshonaji, ambaye ni fundi bomba, akamsogezea sahani. "Kula kwanza, mengine baadaye."

"Hakipiti," mkwe akasema. "Yule fundi redio wa kiti cha tano ameletwa asubuhi hawezi kupumua. Maji yamemjaa hadi kwenye mapafu. Amelazwa."

Mshonaji akashusha kijiko. "Yule aliyerudishwa Ijumaa? Masikini!"

"Huyo huyo, mama. Na mkurugenzi anasema tovuti yangu ndiyo iliyomrudisha. Jina lake lilikuwepo Jumatano, Ijumaa halipo. Nimekaa pale tangu asubuhi nikiikagua. Kila kisanduku cha kujaza nimekijaribu. Ukiandika herufi mahali pa namba ya simu, inakataa. Ukiacha wazi, inakataa. Siioni inapovuja." Akajishika kichwa. "Ana haki ya kukasirika. Amenipa mpaka Alhamisi. Nisipomwambia kilichotokea, tovuti inafungwa, na mimi nafungasha."

Hapo mshonaji akapata uchungu wa kweli. Alimpenda binti huyu. Alipoolewa na mwanawe, majirani walinong'ona kwamba kijana ameoa kompyuta, kwa maana binti hakuwa msemaji na hakujua kupika chochote bila kukiunguza. Lakini ndiye aliyempeleka hospitali miguu ilipoanza kuvimba, ndiye aliyeona foleni ya alfajiri pale kituoni, wagonjwa wamelala kwenye mabaraza ili wawahi kiti, wenye nguvu wakiwapita wasio na nguvu, akasema mambo haya hayawezi kuendelea hivi. Tovuti ilianzia hapo, kwenye hasira hiyo. Kwa hiyo mama mtu akatafuta neno la kumfariji, na akalipata, tena akalitoa kwa majivuno kidogo.

"Labda mtu alijisogeza tu, mwanangu. Watu tunasogeza."

Mkwe akainua macho. "Mnasogeza nini?"

"Zamu. Ukiwa na udhuru, unajisogeza."

"Hakuna mahali pa kusogeza, mama. Mnaletewa linki kwenye meseji, mnaibonyeza, imekwisha. Anayetaka kubadilisha anampigia sista."

"Sista anapokea simu basi?" Mshonaji akacheka, akaifuta mikono na kuitoa simu yake. "Nyie mmesoma, lakini na sisi wazee tuna akili zetu. Tazama." Akaifungua meseji ya kituo. "Hii linki ndefu, wengi wanaiona uchafu. Mimi kazi yangu ni kutazama mwisho wa nguo, pindo limekaaje. Nikaweka ya Jumatatu na ya Alhamisi pamoja, nikaona huku mbele zote zinafanana. Zinakotofautiana ni huku mkiani. Hapa kuna mgonjwa, ndiyo namba yangu. Hapa kiti. Na hapa siku, halafu alama ya sawasawa, halafu tarehe. Basi! Naikopi, najitumia mwenyewe, nabadilisha tarehe, nabonyeza. Inaniambia asante, umepangwa. Nimewafundisha na akina mama wawili pale kwenye benchi."

Alitegemea kupigiwa makofi. Mwanawe alikuwa ameacha kutafuna. Mkwe alisogea karibu, akaitazama ile simu kwa muda, na alipozungumza alizungumza taratibu mno.

"Mama, umesogeza lini mara ya mwisho?"

"Juzi tu. Alhamisi nilikuwa na gauni la bibi harusi la kukabidhi, ningekaa kwenye mashine asubuhi nzima saa ngapi? Nikajiwekea Ijumaa."

"Na kiti?"

"Kiti sikukigusa. Nilikiacha hicho hicho cha..."

Hakumalizia. Aliliona tena lile shati lililokosa kifungo, akajisikia akisema pole kaka, na akatamani sakafu ipasuke immeze yeye na simu yake.

"Nimemtoa mimi," akasema. "Nilikuwa nimemkalia, na ninampa pole."

*

Fundi bomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudiwa na kauli, na kwa akili zake za kiume aliona jambo limekwisha. "Basi afadhali. Mwambie mkurugenzi wagonjwa wenyewe wanachezea linki. Mama si lazima umtaje. Sema wagonjwa. Wewe hapo umetoka."

"Nimetoka wapi?" mkewe akamuuliza. "Nikisema wagonjwa wanachezea, atawaadhibu wagonjwa. Atawarudisha kwenye foleni. Na hakuna aliyechezea kitu. Mama aliiambia tovuti nipange Ijumaa, tovuti ikajibu asante. Mimi ndiye niliyeifundisha kujibu asante kabla ya kuuliza."

"Lakini ulikagua kila kitu, umesema mwenyewe."

"Nilikagua visanduku. Linki sikuikagua." Akacheka cheko kavu. "Nilijiambia linki naiandika mimi, inatoka kwangu inarudi kwangu, nani ataigusa? Tena wagonjwa wenyewe wazee, hata miwani wanasahau."

Mshonaji, pamoja na majonzi yake yote, akamgeukia. "Yaani ulituona mbumbumbu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alilisema hivyo hivyo, bila kupaka rangi, na mshonaji akakosa pa kukasirikia. Ni watu wachache aliokutana nao maishani ambao ukiwauliza kosa lao wanakuonyesha, tena mahali penyewe. Yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kusema uzi ulikuwa mbovu.

Mkwe hakula. Kabla vyombo havijaondolewa, alikuwa ameshampigia sista wa zamu na kuzifunga linki zote, ili kuanzia saa ile kila mgonjwa apangwe kwa simu na kwa mkono. Sista alilalamika, akakubali. Kisha mkwe akaisafisha meza ya kulia, akaiweka kompyuta yake, na badala ya kujifungia chumbani kama kawaida yake, akavuta kiti cha pili.

"Mama, njoo ukae hapa."

"Nije kufanya nini? Nimeshaharibu vya kutosha."

"Hicho hicho. Nataka uharibu."

*

Walifanya kazi hiyo jioni ya Jumapili, na mchana wa Jumatatu mshonaji alipotoka kwenye mashine, na Jumanne, na Jumatano. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Wateja waliambiwa fundi ana dharura, na mmoja aliondoka akisema maneno ambayo fundi bomba hakuyafikisha.

Kazi ya mshonaji ilikuwa kubadilisha mkia wa linki na kubonyeza, kwenye nakala ya tovuti ambayo haikuwa na mgonjwa wa kweli ndani yake. Mwanzoni alifanya kwa woga, kama mtu anayegusa pasi ili ajue kama ina moto. Baadaye akanogewa. Aliandika tarehe thelathini na tano. Aliandika tarehe ya mwaka uliopita. Aliifuta tarehe kabisa akaacha pengo. Palipotakiwa namba aliandika kesho, akaandika Jumapili, akaandika jina la marehemu mumewe. Kila mara mkwe alitazama tovuti imefanya nini, na pale ilipopokea upuuzi, aliingia ndani, akaandika mistari yake, akamwambia, "Rudia."

"Sasa hii uliyoandika inafanya nini?" mshonaji aliuliza.

"Inauliza kwanza. Tarehe ikija, kabla haijafika popote, inaulizwa: wewe ni namba kweli? Upo kwenye kalenda? Halafu, siku hiyo ni ya mgonjwa huyu? Na kiti chenyewe kiko wazi? Ikishindwa swali moja tu, hairuhusiwi kugusa daftari la viti."

"Hata kama linki imetoka kwenu wenyewe?"

"Hasa hiyo. Mteja akija na vipimo alivyoandikiwa na fundi mwingine, unakata kitambaa?"

"Thubutu! Nampima mwenyewe."

"Basi."

Jumanne mshonaji akabuni jambo lililomfanya ajione hodari. Alikumbuka kwamba dada yake, kila anapomtumia meseji yoyote, hubandika neno la shukrani mwishoni bila kuacha nafasi. Akafanya hivyo: baada ya tarehe kumi na sita akagandisha asante. Tovuti ikalitupa lile neno, ikaichukua kumi na sita, ikampanga.

"Hapo imefanya vizuri," mshonaji akasema. "Imenielewa."

Mkwe alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. "Imekisia, mama. Leo imekisia sawa. Siku mtu akiandika kumi na sita kumbe alikuwa anafuta aandike kumi na saba, itakisia vibaya, na kuna mtu atavua koti bure." Akaifuta kazi ya asubuhi nzima mbele ya macho yake, akaanza upya. "Ikikosa uhakika isijifanye inajua. Ikatae, iulize."

Mshonaji alimtazama akiandika, mgongo umepinda, chai imepoa pembeni, na moyo ukamjaa. Kwa miaka alikuwa akiwasifia watu mkwe wake bila kujua anamsifia nini. Alisifia kompyuta, mshahara, kiti cha magurudumu cha ofisini. Sasa alijua. Binti huyu alikuwa na mkutano wa kuamua riziki yake keshokutwa, na alichokuwa anakihangaikia ni mtu asiyemjua ambaye huenda siku moja angekosea kidole. Mshonaji alitaka kumwambia hivyo, lakini nyumba yao haikuwa na mazoea ya maneno ya namna hiyo, kwa hiyo akainuka kumpashia chai.

Waligombana mara moja tu. Ilikuwa Jumatano, tovuti ilipoanza kukataa kila alichokileta, na kila ilipokataa iliandika kwa herufi nyekundu: Ombi batili.

"Batili ni mimi au linki?" mshonaji akauliza.

"Ni linki, mama. Ni lugha ya kawaida tu."

"Ya kawaida kwenu. Mimi nimetoka kitandani, mkono umechomwa sindano pande zote, kidole kimeteleza, halafu mnaniandikia batili kwa rangi ya damu. Nitadhani nimefukuzwa. Nitakaa nyumbani nife kwa adabu."

Mkwe akaondoa mikono kwenye kompyuta. Mwanawe, aliyekuwa mlangoni anavua viatu, alitaka kutetea upande mmoja akashindwa kuchagua upi.

"Ungependa ikwambieje?" mkwe akauliza hatimaye.

Mshonaji akafikiri. "Iniambie kiti changu bado kipo. Hilo ndilo mgonjwa anataka kujua. Mengine ni ya kwenu."

Mkwe akayafuta yale maneno mekundu, akaandika mengine. Yalimchukua muda mrefu kuliko kazi yoyote ya siku ile.

*

Alhamisi mshonaji alisafishwa damu kama kawaida, na alipotolewa kwenye mashine hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya ofisi ya mkurugenzi. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, kwa sababu ya joto.

"Kwa hiyo mgonjwa alibadilisha namba," sauti ya mkurugenzi ilisema. "Mgonjwa gani?"

"Yeyote angeweza," mkwe akajibu.

"Sijauliza angeweza nani. Nimeuliza ni nani."

"Nakuomba usiniulize hilo. Nikikupa jina, tutamlaumu mwenye jina, na tundu litakuwa halijazungumzwa. Tovuti ilipokea bila kukagua, na tovuti ni yangu. Nimeandika hapa kosa lilikuwa wapi na nimeliziba vipi."

Mshonaji alitaka kusimama, asukume mlango, aseme ni mimi. Miguu ilikataa. Baada ya mashine ilikuwa inakataa siku zote, lakini yeye alijua kwamba safari hii si mashine peke yake. Alikaa pale amejikunyata, mkoba kifuani, akimsikiliza binti wa watu akibeba mzigo wake, na aliona haya kuliko alivyopata kuona maishani.

Kiti kililia huko ndani. Mkurugenzi alikuwa ameinuka. Hakuwa mtu mbaya. Aliongea kwa uchovu. "Kazi nimeiona, na nimeielewa. Lakini mwenye mapafu yaliyojaa maji si mimi. Ametoka wodini jana. Amewaambia masista kwamba hataibonyeza tena linki yenu, na kesho atakuja alfajiri akae mlangoni mwa chumba cha mashine mpaka apewe kiti kwa mkono. Wagonjwa wengine wameshasikia, wanasema na wao watafanya hivyo. Nitawaambia nini? Akikubali yeye kupangwa na tovuti, mimi nimekubali. Akikataa, tunarudi kwenye foleni, na wewe itabidi utafute kazi nyingine."

Mkwe alipotoka alimkuta mama mkwe kwenye benchi. Wakatazamana.

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa sababu haikuwa kazi yako kujua, mama. Ilikuwa yangu." Akamshika mkono kumwinua. "Twende. Kesho nitazungumza naye mwenyewe, na wewe ubaki nyumbani upumzike."

*

Mshonaji hakubaki nyumbani. Ijumaa haikuwa siku yake, lakini alifika kituoni mapema, akamkuta fundi redio ameketi kwenye stuli mlangoni mwa chumba cha mashine, miguu imevimba ndani ya ndara, koti mwilini safari hii na vifungo vyote vimefungwa. Mkwe alikuwa amechuchumaa mbele yake akimweleza kwamba tundu limezibwa, na kwamba usiku huo amezifungua tena linki. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Binti, mimi nimetengeneza redio maisha yangu yote. Redio ikinipiga shoti, sitaki kuambiwa imeshapona. Nataka kujua nani aliingiza mkono kwenye nyaya. Ulinikalia kiti wewe?"

"Hapana, mzee. Lakini kosa..."

"Basi sijapata jibu."

"Nilikukalia mimi," mshonaji akasema.

Mkwe akageuka haraka. "Mama!"

"Niache, mwanangu." Akasogea mpaka mbele ya stuli, akasimama ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Nilikuwa na shughuli zangu siku ya Alhamisi. Nikabadilisha namba za mwisho wa linki, nikaingia Ijumaa yako."

Fundi redio akamkazia macho. "Wewe si ndiye uliyenipa pole?"

"Ndiye mimi."

"Na ulijua?"

"Nilijua kusogeza, kaka. Sikujua kwamba kuna mtu ninayemsogeza."

Sista alikuwa amesimama na trei mkononi, hajui aende wapi. Ndani, wagonjwa waliokwisha kufungwa kwenye mashine walikuwa wamegeuza shingo zote mlangoni. Fundi redio akapumua kwa shida, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake.

"Nifundishe," akasema.

"Nini?"

"Hicho ulichokifanya. Nifundishe na mimi. Zamu yako ya Jumatatu ni kiti gani?"

"Cha tano. Saa mbili asubuhi."

"Hicho ndicho ninachokitaka."

Mshonaji alielewa, na wote waliokuwepo wakaelewa. Alimtazama mkwe wake. Mkwe alikuwa amesimama wima, midomo ameibana. Mshonaji akainama, akamwonyesha mzee jinsi ya kuikopi linki, pa kuibandika, wapi ni siku na wapi ni namba ya mgonjwa. Pale kwenye tarehe akasita kidogo, kwa maana Jumatatu ilikuwa Jumatatu, na figo zake hazikuwa bora kuliko za mwenzake. Kisha akamwambia, "Andika hapa, kaka. Nitoe. Ni haki yako."

Fundi redio akaandika. Akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka, na kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu, alisoma kwa sauti, neno baada ya neno. "Kiti hiki siku ya Jumatatu kina mgonjwa wake. Hakuna kilichobadilika. Kiti chako ni cha tano, leo Ijumaa, saa nne, na bado kipo."

Akarudia. Akabadilisha namba ya mgonjwa, akaweka ya mshonaji mwenyewe. Ikamkatalia kwa upole ule ule. Akafuta tarehe. Ikakataa. Akaandika alama ambazo hakuna mtu anayejua kazi yake, akabonyeza kwa dole gumba kwa nguvu kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya mtu mkaidi. Ikakataa, na kila mara ikamwambia kiti chake bado kipo. Akainua uso kumtazama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa mara ya pili.

"Hata mimi? Mimi niliyelazwa?"

"Hata wewe, mzee," mkwe akasema.

Mshonaji machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Binti huyu alikuwa amemlinda mbele ya mkurugenzi, hilo alilijua. Lakini sasa alikuwa amemlinda hata mbele ya mtu aliyekuwa na kila sababu ya kulipiza.

Fundi redio alianza kwa kukohoa, na ilichukua muda watu kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka sista akaogopa, akaweka trei chini. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, bila kukosa.

"Haya, sista," akasema, "saa nne hii hapa imefika." Akapandisha mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akaegemea bega la sista, na alipofika mlangoni akamgeukia mkwe. "Na wewe, nitumie linki ya Jumanne. Lakini huyu mama yako usimwonyeshe."